Uzi wa wapiga kelele: likembe, embaire, piezo na mikisa katika muziki wa kubuni papo hapo

#1 Waya_Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa ala za asili zinazounganishwa na umeme, kama likembe (ndimi za chuma juu ya ubao, hupigwa kwa vidole gumba) na embaire (marimba kubwa ya vibao vya mti ya Busoga, Uganda). Naufungua kwa sababu swali ni lile lile kila wiki: mtu kabandika piezo (kisahani kinachogeuza mtetemo kuwa umeme) kwenye ala, kachomeka kwenye mikisa (chombo cha kuchanganya sauti), sauti inatoka nyembamba kama redio iliyofungiwa ndani ya debe. Piezo haina kosa, na ala mara nyingi haina kosa. Tatizo liko pale waya unapoingia.

Historia kwa ufupi, maana kuna wanaodhani mambo haya yaliletwa na ndege kutoka Ulaya. Mtunzi Mmisri Halim El-Dabh alirekodi sherehe ya zaar (ngoma ya pepo) jijini Kairo mwaka 1944 kwa mashine ya kurekodia kwenye waya, akaichezea sauti ile hadi ikawa kitu kingine. Pierre Schaeffer alitoa kazi yake iliyotengenezwa kwa sauti za treni Paris mwaka 1948. Hapa kwetu Uganda, lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes iko Kampala tangu 2016, na mwaka 2023 iliitoa embaire ya kundi la Nakibembe kwenye albamu. Basi, historia imetosha.

Piezo ya kawaida, ile sahani ya shaba ya milimita 27 yenye duara jeupe katikati, kiumeme ni kapasita ya nanofaradi 20 hivi. Kapasita ikikutana na mlango wenye upinzani mdogo inageuka filta ya kukata besi. Hesabu yake: 1 gawanya kwa (2 × 3.14 × upinzani × kapasita). Mlango wa laini wa kilo-omu 10 unaanza kukata kuanzia hezi 800 kushuka chini. Mlango wa maiki wa XLR (ule wa pini tatu), kilo-omu 2 hivi, unaanza kukata hezi 4,000. Yaani mwili wote wa mbao umekwenda, umebakiwa na kucha zinazokwaruza. Mlango wa megaomu 1 unakata hezi 8, na hapo utasikia hata mtu akiegemea meza. Kuongeza besi kwenye mikisa hakusaidii: unaongeza kitu ambacho hakikufika, kwa hiyo unachopata ni mvumo tu.

Dawa ni bafa, saketi ndogo inayoipa piezo mlango wenye upinzani mkubwa, na bafa ni transista moja. Kwa ala moja tafuta:

- piezo 1 ya milimita 27
- JFET 1 (transista ya miguu mitatu: geti, dreni, sosi), 2N5457 au MPF102
- risista 2 za megaomu 2.2, moja ya kilo-omu 10, moja ya kilo-omu 100
- kapasita 1 ya mikrofaradi 10, volti 16 au zaidi
- betri ya volti 9, jeki ya robo inchi, kikopo cha bati
- waya wenye ngao, usizidi mita 1 kati ya piezo na bafa

Risista mbili za 2.2 zifuatane kutoka chanya ya betri hadi hasi. Pale zinapokutana ni volti 4.5. Hapo unganisha geti ya transista pamoja na waya wa katikati wa piezo. Shaba ya piezo iende hasi. Dreni iende chanya. Sosi iteremke hasi kupitia kilo-omu 10. Kutoka sosi hiyo hiyo toa kapasita ya 10, upande wa chanya ukiwa kwenye sosi, uende ncha ya jeki. Ile kilo-omu 100 iwe kati ya ncha ya jeki na hasi. Bila hiyo kila ukichomeka utapiga bomu kwenye spika. Hasi yote ikutane kwenye kikopo, na kikopo ndicho ngao.

Ukiwa na J201 badala ya hizo, weka kilo-omu 33 kwenye sosi. J201 ni nyonge, kilo-omu 10 itaidai mkondo isioweza kutoa.

Kwenye kulehemu ndipo piezo nyingi zinapofia. Shaba inanyonya joto, inataka sekunde tatu au nne. Lile duara jeupe ni kauri iliyopakwa fedha nyembamba kama utando wa maziwa. Weka tone dogo la risasi ya kulehemu kwenye waya kwanza, gusa kauri chini ya sekunde mbili, ondoa. Ukichelewa, utando unayeyukia ndani ya risasi, unaona kijidoa cha kijivu kinabaki na waya unachomoka wenyewe. Sehemu hiyo imekufa. Hamia sentimita nusu pembeni. Chuma cha wati 30 kinatosha. Kile kikubwa cha mafundi wa masufuria usikikaribishe.

Mwisho, waya ubane kwa gundi ya moto kwenye shaba, usining'inie kwenye kauri. Usipofanya hivyo utachomoka katikati ya onyesho.

#2 Mgeni_Jinja

Mzee Waya, asante sana. Huku Busoga tuna embaire, tunataka kuipitisha kwenye vyombo vya diley (mwangwi) na distoshen (kukwaruza sauti) bila kuua sauti yake. Nibandike piezo kila kibao? Au moja chini ya shina la mgomba ambalo vibao vinalalia inatosha?

#3 Mbao_ya_Lusambya

Ndugu Mgeni, kila kibao utalia. Waya ishirini, bafa ishirini, na vibao vyote vimeshuka sauti. Ngoja nieleze kwa nini vinashuka.

Kibao kilicholala huru kikigongwa hupinda kama upinde. Ncha mbili zinapanda, katikati kunashuka, halafu kinyume. Kuna sehemu mbili zilizotulia, kila moja asilimia 22 hivi ya urefu kutoka nchani. Kibao cha sentimita 60: pima sentimita 13.4 kila upande, ndipo kinapopaswa kulala juu ya shina la mgomba. Ukikosea hapo kibao kinazibwa mdomo kabla ya maiki yoyote.

Piezo iliyobandikwa bapa inasikia mpindo. Mpindo mkubwa uko katikati; nchani karibu haupo, na nchani ndiko nyundo zinakotua. Kwa hiyo bandika katikati, upande wa chini. Uzito nao: gundi na waya nchani vinashusha sauti ya kibao karibu mara tatu ya vikiwa katikati, kwa sababu ncha ndiyo inayosafiri mbali zaidi. Kikishuka bado, chonga kidogo chini ya ncha, kitapanda. Ukichonga chini ya katikati kitashuka. Chonga kidogo kidogo. Vumbi lililoanguka halirudi kwenye mti.

Piezo kwenye shina la mgomba ni kazi bure. Shina bichi ni sponji yenye maji, linakuletea "du, du, du" ya nyundo zote bila sauti hata moja. Pia utomvu wake unakula jeki. Waya upite juu ya jiwe au kipande cha ubao, usilale juu ya shina.

Ninavyoona mimi, chagua vibao vitatu tu: kimoja cha chini kabisa, kimoja cha kati, kimoja cha juu. Hivyo vitatu ndivyo viende kwenye diley na distoshen. Vingine vichukuliwe na maiki za hewani. Msikilizaji anasikia embaire nzima, halafu ghafla sauti tatu zinatoka nje ya ala na kuanza kutembea ukumbini. Ukivipitisha vyote kwenye distoshen, utapata uji.

Kama ni embaire iliyojengwa juu ya shimo, maiki moja ya dainamiki ivishe soksi, iningʼinie mdomoni mwa shimo bila kugusa udongo, na mbili juu kwa mita 1.5. Maiki ya shimo kata chini ya hezi 50. Halafu bonyeza kitufe cha kugeuza fezi (kupindua wimbi juu chini) uisikilize pamoja na za juu: upande wenye besi nyingi ndio sahihi. Watu wengi wanaruka hatua hiyo, kisha wanalalamika eti shimo halina besi.

#4 Ngozi_Kavu

Nadakia hapo hapo. Endingidi, lile zeze la uzi mmoja, msiibandike piezo kwenye ngozi. Ngozi ile ni nyepesi kuliko piezo yenyewe pamoja na gundi. Umeibebesha mzigo, imenyamaza. Chini ya ngozi kuna uwazi: chukua kapsuli (kimaiki kidogo) ya elektreti ya milimita 6 au 10, ivishe sponji, ikae ndani ya mwili wa ala sentimita 3 kutoka kwenye ngozi. Inakula volti 2 hadi 9 kupitia risista ya kilo-omu 2.2 hadi 10. Hasara yake ni miluzi: inasikia spika pia. Kaa nyuma ya spika, na ukipata mluzi usioondoka, tafuta masafa yake kwa ikwalaiza (kirekebisha besi na treble) uyachimbe shimo jembamba, usishushe volumu yote.

Engalabi na embuutu, ngoma za Buganda, ni habari nyingine. Huko piezo inabandikwa kwenye mbao, kiganja kimoja chini ya ngozi, na unapata mwili wa ngoma bila kupasua masikio.

#5 Senti240

Kabla hamjaweka sinthesaiza pembeni ya amadinda (marimba ya Buganda), suala la tuni. Amadinda ya Buganda ina vibao 12, na oktava imegawanywa hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa. Oktava ni senti 1,200 (senti hapa ni kipimo cha tofauti ya milio, si pesa), gawa kwa tano, hatua moja ni senti 240. Hatua hiyo haipo kwenye kinanda. Anzia hivi:

C ibaki ilivyo, D ipande senti 40, F ishuke senti 20, G ipande senti 20, A# ishuke senti 40.

Huo ni mwanzo, si sheria. Kila ala ina tabia yake, na fundi anatuni kwa sikio. Rekodi kila kibao peke yake, kipime kwa programu ya tuna inayoonyesha senti, kisha ufuate kibao. Oktava mbili zikipishana kidogo utasikia mawimbi, "wa-wa-wa". Yaache. Mtu anayeyasafisha yale mawimbi kwa kompyuta ameondoa chumvi kwenye mchuzi.

Kosa la pili ni spika ya Bluetooth. Amadinda inapigwa kwa kufumana: mmoja anapiga, mwenzake anajaza katikati ya mapigo yake. Mapigo yakiunganishwa yanafika 500 au zaidi kwa dakika, yaani pigo hadi pigo ni milisekunde 120 au pungufu. Bluetooth inachelewesha kati ya 100 na 300. Umechelewa pigo moja zima au mawili, na hakuna mazoezi yatakayoponya hilo. Tumia waya. Kwenye kadi ya sauti weka bafa (hapa ni akiba ya sauti ndani ya kompyuta, si ile saketi ya Mzee Waya) ya sampuli 256 au 128; kwa kilohezi 48, sampuli 256 ni milisekunde 5.3 kwenda, na karibu hivyo kurudi. Hapo mikono inaelewana. Spika nazo ziwe karibu: sauti inakula milisekunde 10 kila mita 3.4.

#6 Pita_Njia

Samahani wakuu, napita tu. Mnasema "muziki wa kubuni", lakini ninachosikia ni watu kugonga vitu na spika kupiga miluzi. Utunzi uko wapi hapo? Mtoto wa miaka minne pia anagonga sufuria.

#7 Senti240

Swali halali, ssebo (bwana). Tazama amadinda. Omunazi anapiga mstari wake, mapigo sawasawa. Omwawuzi amekaa upande wa pili, mstari wake unaingia katikati ya mapigo ya mwenzake. Kila mmoja anapiga kwa oktava. Sasa, nyimbo unazozisikia hazichezwi na yeyote kati yao: sikio lako linaokota vibao vya chini kutoka kwa wote wawili na kuvifanya wimbo, kisha vya kati wimbo mwingine. Mtafiti wa muziki Gerhard Kubik aliandika sana juu ya jambo hilo. Omukoonezi, wa tatu, kazi yake ni kusikiliza vibao viwili vya chini kabisa na kuvirudia juu kwenye vibao viwili vya mwisho. Yeye hana mstari wake. Anacheza kile anachokisikia kikizaliwa kati ya wenzake.

Kazi ya omukoonezi ndiyo kazi ya mbunifu wa papo hapo. Mtoto wa sufuria hajibu kitu. Mjaribu huyo mtoto: piga kimya sekunde kumi, uone kama ataisikia.

Kwa kundi la watu wanne au watano wanaoanza, haya yanafanya kazi:

Weka saa, dakika saba, si zaidi. Kila mtu anyamaze theluthi moja ya muda, na achague mwenyewe lini. Anayeanza asiwe anayemaliza. Duru ya pili, kila mtu achague mwenzake mmoja kimyakimya, amfuate yeye tu: mwenzake akipanda, yeye ashuke. Duru ya tatu, mmoja asimame na ishara nne za mkono: endelea, rudia ulichopiga sasa hivi, badilisha, nyamaza. Mwanamuziki Butch Morris alianza kuongoza vikundi vizima hivi Marekani mwaka 1985, kwa ishara nyingi kuliko hizo, lakini nne zinatosha kuanza.

Kinachoharibika kila mara ni kimoja: wote wanapanda volumu pamoja kufikia dakika ya tatu, halafu hakuna anayejua kushuka. Tiba ni kumpa mwenye ala ndogo kuliko zote, tuseme endingidi, mamlaka ya sauti. Asiposikika, wote wako juu mno.

#8 Pita_Njia

Haya, nimekaa. Sikuondoka.

#9 Mluzi_Mrefu

Kwa kuwa miluzi imetajwa kama tusi, nitetee ukoo wangu. Mikisa bila chanzo: hakuna ala, hakuna maiki, mikisa inajisikiliza yenyewe. Toshimaru Nakamura wa Japani ameijenga kuwa ala kamili tangu miaka ya 1990. Unahitaji mikisa ndogo yenye tokeo la AUX au FX (mlango wa kutoa sauti kwenda chombo cha nje), na waya mmoja wa robo inchi.

1. Fanta (phantom), yaani umeme wa volti 48 wa maiki, izimwe. Volumu kuu sifuri. Spika izimwe.
2. Waya kutoka FX SEND uingie kwenye mlango wa LAINI wa chaneli ya 1. Usiingize kwenye XLR.
3. Ikwalaiza zote katikati, geini (nguvu ya kuingia) robo, feda (kitelezi cha volumu) ya chaneli katikati.
4. Washa spika, volumu kuu ipande kidogo tu.
5. Kitufe cha FX cha chaneli ya 1 zungusha polepole. Kuna mahali kinaamka. Rudi nyuma upana wa unywele. Hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Ikwalaiza sasa ndiyo vidole vyako. Besi ikipanda mlio unashuka na kuanza kukoroma. Treble ikipanda unapata sindano. Katikati kuna eneo ambapo mlio hauamui uende wapi, unaruka-ruka wenyewe kama jogoo juu ya bati la moto. Mikisa ikiwa na AUX ya pili, itoe iingie chaneli ya 2: mizunguko miwili inaanza kugombana, ukigusa mmoja mwingine unajibu. Pale ndipo muziki uko. Piga picha ya vitufe ukipenda, lakini kesho havitarudi vilevile. Joto la mikisa lenyewe linabadilisha.

Hatari moja ya kweli: mzunguko unaweza kulia juu ya kilohezi 20. Husikii chochote, taa za mita ziko nyekundu, na twita (spika ndogo ya milio ya juu) inaungua kimyakimya. Ukiona taa bila sauti, shusha kwanza, fikiri baadaye. Weka limita (chombo cha kuzuia sauti isivuke kiwango) kati ya mikisa na spika, au angalau kata kila kitu juu ya kilohezi 14. Na usivae hedfoni wakati wa kutafuta mwanzo wa mluzi. Kamwe.

#10 Bibi_Jenereta

Wanangu, mmesahau umeme. Hapa Uganda ni volti 240, hezi 50. Mvumo wa hezi 50 ni mzunguko wa ardhi, vyombo vikiungana ardhi kwa njia mbili. Ule wa 100 wenye ukali ni mara nyingi adapta mbovu. Vyombo vyote vichukue umeme kutoka kwenye plagi moja, kwa ekstensheni moja. Laptop itumie betri yake wakati wa onyesho. Mvumo ukinyamaza hapo, mwizi mmemjua. Msing'oe mguu wa ardhi kwenye plagi ili kuua mvumo. Mnaua mvumo leo, kesho mnamuua mpiga likembe. Tumieni DI (kisanduku kinachokaa kati ya ala na mikisa) yenye transfoma na kitufe cha kukata ardhi upande wa ishara.

Inveta za bei rahisi hazitoi wimbi la duara, zinatoa ngazi. Ngazi hizo mtazisikia kama nyuki ndani ya kila piezo. Ulizeni ya wimbi safi. Jenereta ndogo ya petroli inayumba: spika ikivuta besi, inashuka mlio, taa zinafifia. Ikae mita 20 na zaidi, nyuma ya ukuta, na ibebeshwe nusu ya uwezo wake tu.

Umeme ukikatika zimeni ampu kabla haujarudi, maana unarudi kwa kishindo. Na kwa kucheza bila umeme kabisa: ampu ya gari ya volti 12 na betri ya ampea-saa 7 (7 Ah). Ikivuta ampea 2, mna saa moja na dakika 45 bila kuivusha betri nusu. Kwa duru za dakika saba, inawatosha na kubaki.

#11 Ngozi_Kavu

Bibi, shikamoo. Hiyo ya kung'oa mguu wa ardhi ingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila ukumbi.

#12 Waya_Mbili

Marahaba ya Bibi ituhusu sote. Narudi na likembe, nimeulizwa pembeni.

Konono N°1 wa Kinshasa, albamu yao ya mwaka 2004 ndiyo wengi wanaijua, hawakutumia piezo. Walisokota koili za shaba kwenye sumaku zilizotoka kwenye magari mabovu. Njia hiyo inatoa sauti nene, chafu, ya kiume, na haisikii spika kirahisi kama maiki. Masharti ni moja: ulimi wa likembe uwe chuma kinachonaswa na sumaku. Jaribu kwanza. Spoki ya baiskeli ya chuma na ubavu wa mwavuli hunasa. Shaba na alumini hapana. Spoki za chuma kisichoshika kutu nazo mara nyingi hunasa kidogo tu au hazinasi kabisa.

Badala ya kusokota, nunua kwa mafundi wa redio koili ya rilei (swichi ya sumaku-umeme) kuukuu ya volti 24, toa sehemu inayotembea ubaki na koili na nondo yake, bandika kisumaku nyuma ya nondo. Lenga uso wake chini ya ndimi, umbali wa milimita 3. Ukisogeza hadi milimita 1 sumaku inavuta ulimi, tuni inapotoka na mlio unakatika mapema. Koili moja inasikia ndimi tatu au nne. Likembe la ndimi kumi linataka koili tatu, ziunganishwe mfululizo. Mbili zikifutana na sauti ikawa nyonge, geuza waya za ile ya pili.

Vile vibati vinavyotetema kwenye ndimi usivitoe. Koili haivisikii vizuri, kwa hiyo ongeza piezo moja kwenye ubao, koili kushoto, piezo kulia. Ndimi zinaimba upande huu, vibati vinatetema upande ule.

#13 Mbao_ya_Lusambya

Nakazia: vibati ni sehemu ya ala. Wanaoviziba kwa utepe ili "kusafisha" wanunue kinanda.

#14 Senti240

Kurekodi, haraka haraka. Biti 24, kilohezi 48, vilele visipite desibeli -12. Kubuni papo hapo kuna kishindo kisichotangazwa, kwa hiyo acha nafasi. Sterio ya namna hiyo inakula gigabaiti 1 kwa saa, kadi ya 32 haina kisingizio. Anza kurekodi kabla ya watu kukaa, zima baada ya wote kunyamaza.

Kelele nzito haifinyiki. FLAC, faili inayofinya bila kupoteza sauti, hupunguza wimbo wa kawaida karibu nusu, lakini kwenye kelele nyeupe (ile shhh ya redio isiyo na stesheni) karibu haipunguzi kitu. MP3 ya kbps 128 inageuza kelele kuwa maji ya bomba. Ukilazimika tumia 320. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama waraka, usitume kama sauti, la sivyo unatuma kivuli.

Na andikeni majina na mgawo siku ile ile, kabla vyombo havijafungwa: nani alicheza, kila mmoja asilimia ngapi, nani anaruhusiwa kuweka mtandaoni. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inawatambua wachezaji pia, si mtunzi peke yake, na katika kubuni papo hapo wote ni vyote viwili. Embaire ya watu wanane ni majina manane, si "wenyeji wa kijiji". Kabla hamjaweka bei Bandcamp (duka la muziki mtandaoni), hakikisheni akaunti ya malipo inapokea pesa hapa nchini, si kutuma tu.

#15 Mgeni_Jinja

Mzee Waya, bafa nimeunganisha, haitoi sauti. Mita inasoma volti 6.8 kwenye sosi. Kwenye geti inasoma 4.

#16 Waya_Mbili

Geti iko sawa. Ni 4.5, ila mita yenyewe inanyonya kidogo kupitia risista kubwa kama hizo. Sosi ingepaswa kuwa kati ya 4.5 na 6.5. Ikisoma 9 kamili, risasi imevuka kati ya dreni na sosi; ikizidi 6.5 bila kufika 9, huenda mguu wa chini wa kilo-omu 10 haujafika hasi. Kwaruza kwa wembe kati ya miguu ya transista, kisha pima kilo-omu 10 betri ikiwa imetolewa.

#17 Mgeni_Jinja

Ni risista. Nililehemu kwenye kikopo juu ya rangi, haikushika. Nimekwaruza rangi, sasa sosi 5.2. Kibao cha chini kinasikika hadi jirani amekuja kuuliza.

#18 Bibi_Jenereta

Mkaribishe. Akae mahali pa omukoonezi.